Vitambaa Vinne vya Fundi wa Maturubai

Alipoingia uani kwa mtu, hakutazama watu. Alitazama kwanza juu ya ukuta, halafu mapengo, halafu mlango wa nyuma, kisha akageuza shingo taratibu kama kuku aliyesikia mwewe. Salamu ilikuja mwisho. Mtu anayekagua mapengo ya ukuta wako kabla hajamaliza kupiga hodi, kwetu tunamwita mwizi. Ukiwa na adabu unamwita mgeni, lakini unamfuata nyuma. Mimi nilimfuata nyuma miaka mingi.

Alizaliwa wapi na ukoo wake nani, sisemi, maana sikuuliza. Mtaani Rahaleo, hapa Mtwara, wapo waliosema ametoka ng'ambo ya Ruvuma, wapo waliosema ni wa Newala. Kazi yake ndiyo niliyoijua: fundi wa maturubai. Alishona maturubai ya malori ya korosho, ya mahema ya harusi na misiba, na yale ya kuanikia. Sote tulimwita Fundi, na mji ulikuwa na mafundi wengi, lakini ukisema Fundi tu, mtu wa korosho alijua unamsema nani.

Naandika habari zake kwa sababu kuna neno baya lilitembea juu yake mpaka Masasi. Neno lenyewe ni kwamba kava aliloshona, kifuniko cha beseni la maji, lilitaka kumuua mjukuu wangu, na kwamba alifanya kusudi. Kava lilifunguka, hilo kweli, na mtoto alizama. Lakini neno lile mwenye mdomo wake ni mimi, na nililisema nikijua jambo ambalo wenzangu hawakulijua.

Kwanza niseme kwa nini nilimshuku, msije mkadhani nilianza tu.

Hakula kwa mtu. Nilipokuwa bado nina shamba Nanyamba alikuja kunipimia turubai la kuanikia korosho, na mimi kwa heshima nikamwekea chai na mihogo ya kuchemsha. Akasema, "Ahsante Bibi, nimeshakunywa." Saa moja asubuhi, na alikuwa ametoka Mtwara gizani. Ameinywa wapi? Alikuwa na kidumu chake kidogo cha maji, amekifunga kamba shingoni, na hicho hakukiacha hata alipopanda darini. Mimi nikajisemea: anayeogopa chakula cha watu ni yule anayejua chakula cha watu kinavyoweza kufanywa.

Tena dini yake haikujulikana. Ijumaa alifunga kazi akakaa kibarazani, Jumapili alifunga kazi akakaa kibarazani palepale. Shemeji yangu, mtu wa maneno mengi, alimwuliza siku moja mbele yetu, "Fundi, wewe hasa ni wa msikitini au wa kanisani?"

"Mimi nina siku mbili za kupumzika," akajibu. "Wewe una ngapi?"

Watu wakacheka, shemeji yangu akanuna. Mimi sikucheka. Jibu gani hilo.

Lakini karakana yake pale Rahaleo haikuwa na mlango. Nasema haikuwa na mlango kabisa, hata pazia. Maturubai ya watu yamo ndani, mikasi, sindano kubwa zile za gunia, na adhuhuri yeye amelala juu ya turubai lililokunjwa, mdomo wazi. Asiyemwamini mtu kwa kikombe cha chai anawaamini vipi wezi wa Mtwara nzima? Tukasema ameweka kitu. Na kweli hakuibiwa hata uzi, kwa sababu kila mtu alikuwa amesema ameweka kitu.

Darini mle zilining'inia kamba za katani, nyingi, kila moja ina mafundo. Futi ya kupimia alikuwa nayo, imetundikwa msumarini, lakini ile ilikuwa ya kuwaridhisha wateja. Yeye alipima kwa kamba. Fundo hapa, fundo pale, na mafundo mengine madogo ambayo hayakuwa urefu wala upana wa kitu chochote nilichokiona. Miaka mingi baada ya lile turubai langu la kuanikia nilipita kwake kumwagizia ndugu yangu, akainua mkono, akaipekua ile misitu ya kamba, akatoa moja. "Hii yako. Nanyamba, kiwanja cha kuanikia, nyuma kuna choo." Nilirudi nyumbani nikiwaza: kiwanja changu kinaning'inia darini kwa yule mtu.

Kwenye harusi watu humtazama bibi harusi. Yeye alitazama vigingi vya hema. Alikaa chini karibu na kigingi, amekikazia macho kama kinamdai maneno. Siku moja upepo ulikuja ghafla wakati wa pilau, wanaume wote wakakimbia na sahani zao, na upepo ulipofika Fundi alikuwa tayari amesimama, amekumbatia nguzo. Hema halikuanguka. Hakuna aliyemshukuru. Tulichouliza, na mimi nilikuwa wa kwanza, ni hiki: alijuaje?

Angeweza kutuambia. Hiyo ndiyo ilikuwa dosari yake, na sasa nimezeeka naiona. Hakueleza. Mwenye lori akimwuliza kwa nini pete za kamba za huku nyingi na za kule chache, alijibu, "Nikikueleza leo, kesho utakuja kunifundisha." Alimkatalia tajiri mmoja wa korosho aliyetaka turubai fupi, akamwambia tu, "Sishoni," akaendelea kutia uzi kwenye sindano. Tajiri akasimama pale akingoja sababu mpaka akachoka.

Sasa jakuzi.

Mwanangu wa mwisho, Somoe, ana nyumba ya wageni ya vyumba vitatu Shangani, na mimi naishi naye, chumba cha uani, mlango unaangaliana na jiko. Wazungu waliokuwa wamepanga nyumba kubwa barabara ya chini walipohama, waliuza vitu, na Somoe akaja na lile beseni limepakiwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo. Beseni la plastiki ngumu, watu watano wanakaa ndani, maji yanapashwa moto kwa umeme na kutokota kama sufuria ya maharage.

"La nini?" nikamwuliza.

"La wageni, mama. Wanapenda."

"Wanapenda kuchemshwa?"

"Kupumzika."

"Mtwara hii? Anayetaka joto si atoke tu nje?"

Lakini nyumba ni yake. Likawekwa katikati ya ua, na ua wetu ule, asiyejua upepo wa kusi aje Julai asimame pale. Unapita juu ya ukuta, unapita chini ya geti, unabeba mchanga, majani, nguo za ndani za wageni. Maji yakapoa, taka zikaingia, na zaidi ya yote kulikuwa na Tatu.

Tatu ni mtoto wa Somoe, alikuwa na miaka mitatu, na alilala na mimi. Mtoto yule alifuata maji kama bata. Ndoo ikiachwa wazi, yumo. Kwa hiyo kava la jakuzi kwangu halikuwa habari ya wageni wala umeme. Nilitaka mjukuu wangu asizame.

Kava la kwanza Somoe aliliagiza kwa simu, likaja na basi kutoka Dar. Sponji gumu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni, limevikwa plastiki inayong'aa. Zuri machoni. Wiki ya pili kusi iliingia chini ya ukingo wake ikalinyanyua, tukaliona linavuka ukuta kama limeitwa. Likatua kwenye banda la kuku la jirani yetu, Mama Neema, mwalimu, mtu wa Mbeya. Akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Bibi, kofia ya jakuzi yenu imekuja kusalimia kuku."

"Wazima?"

"Jogoo ameitikia. Tetea mmoja hajaitikia."

La pili lilikuwa la mbao, kazi ya seremala. Zito, wanaume wawili ndio waliliinua. Mgeni mmoja aliponda kidole. Wiki haikwisha mbao zikavimba kwa mvuke, likagoma kukaa. Somoe akaligeuza meza ya chai.

Asubuhi ya siku iliyofuata jakuzi likiwa wazi, nilimkuta Tatu amepanda ngazi ndogo ya jakuzi, tumbo lipo ukingoni, miguu haigusi kitu, anachota maji kwa kikombe. Nilimkamata gauni. Nikamwambia Somoe, "Lifunikwe lifunikike, ama nachukua shoka."

"Nimemwita Fundi wa maturubai."

"Yule haingii hapa."

"Kwa nini, mama? Amefanya nini?"

"Anatazama kuta za watu."

"Mama! Ndiyo kazi yake!"

"Kazi yake turubai. Kuta ni za nini?"

Akaja. Na kama kawaida yake akatazama ukuta, mapengo, geti, halafu akachukua ndoo, akaigeuza, akaikalia, amelipa jakuzi mgongo.

"Fundi, jakuzi liko huku," nikamwambia.

"Nimeliona, Bibi. Lile haliendi popote."

"Unatazama nini basi?"

"Anakoingilia."

"Nani?"

Akaendelea kutazama ukuta. Tatu akamsogelea, akamgusa kidumu. Akamtazama mtoto muda mrefu, muda ambao mimi sikuupenda.

"Ntoto wa nani huyu?"

"Wa hapa," nikasema.

"Anapenda maji?"

Mtu mgeni anaulizia nini mtoto wa watu anapenda maji? Nikamvuta Tatu, nikamweka nyuma ya kanga yangu. Fundi akainuka, akakandamiza ile meza ya mbao kwa kiganja, akasema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. "Penye ntoto, kava likilegea ni baya kuliko pakiwa wazi. Pakiwa wazi anaona maji. Likilegea anaona nkeka." Akasema ataweka fito ndani ya turubai ili mguu usizame, na mwinuko katikati ili mvua iteremke.

Halafu akatoa mfukoni vitambaa vinne vyekundu.

Alifunga kimoja getini, kimoja kwenye nguzo ya kamba ya nguo, kimoja mguuni mwa mnara wa tangi la maji, na cha nne kwenye pembe ya jiko, mbele ya dirisha la chumba changu, anapolala Tatu. "Nsiviguse," akasema. "Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo." Akaenda zake.

Mimi nimekulia Nanyamba. Kitambaa chekundu pembe nne za ua, kafunga mtu asiyekula kwa watu, aliyeulizia mtoto. Mlitaka nidhani nini? Somoe sikumwambia, angenicheka. Nilivumilia siku moja. Siku ya pili mchana, wageni wameenda kuogelea, nikakifungua kile cha dirishani. Nikakitia motoni jikoni, nikatupa na chumvi. Vingine vitatu niliviacha, maana havikuwa upande wa mtoto.

Alhamisi ile kabla ya yeye kurudi, woga ukanigeukia. Akikikuta hakipo atajua. Nikachana ukingo wa kanga yangu kuukuu ya jikoni, ileile niliyofutia mikono ya chumvi, nyekundu pia, nikakifunga palepale.

Ijumaa akaja. Akakishika kile cha getini kwa vidole viwili, akakivuta nyuzi, akafunga fundo kwenye kamba yake ya katani. Cha nguzo, hivyo hivyo. Cha tangi, hivyo hivyo. Alipofika jikoni akasimama. Akakitazama kitambaa. Akanitazama mimi. Akakitazama tena. Hakukigusa. Uso wake ukawa wa majivu, akarudi nyuma hatua tatu bila kugeuka.

"Nimeona," akasema, akatoka.

Mimi nikafurahi. Nikasema, amejua dawa yake imevunjwa.

Kava alilileta mwenyewe kwa mkokoteni. Turubai zito la kijani, fito ndani, mikanda yenye bizimu. Lakini hakuingia. Alisimama getini akampigia Somoe kelele: "Kaza! Huo wa upande wa tangi, ipo miwili, kaza yote! Wa getini pia!" Pande tatu zilikuwa na mikanda miwili miwili. Upande wa jikoni mmoja.

Likakaa vizuri. Wageni wakalipiga picha. Mwezi mzima kava halikutikisika, na mimi kila siku nililizunguka nikitafuta ubaya, sikuuona.

Kusi ilipokaza nilikuwa nimekaa mlangoni kwa jiko nachagua mchele. Adhuhuri imepita kidogo. Nikasikia pa, pa, pa, kama mtu anakung'uta mkeka. Nikadhani ni Mama Neema. Nilipoinua kichwa, mkanda wa upande wa jikoni ulikuwa umefunguka, ukingo umenyanyuliwa na upepo, fito zimeteleza, na kava limelala nusu juu ya maji. Tatu alikuwa amesimama juu yake.

"Bibi, ona! Nacheza ngoma!"

Akapiga mguu. Akazama majini pamoja na ukingo, na turubai likamfunika mgongoni.

Sinia la mchele sijui nililitupa wapi. Niliingiza mikono, nikashika turubai, nikashika maji, nikashika turubai. Halafu nikashika nywele. Nilimvuta kwa nywele, sikuwa na pengine pa kushika. Alikuwa kimya. Nilimlaza kifudifudi pajani nikampiga mgongo mpaka akatapika maji, akalia, na kilio kile sijasikia kitu kizuri kama hicho. Hospitali tulilala siku mbili. Alipona.

Somoe aliliburuta lile kava mpaka kwenye bajaji, akaenda kulitupa Rahaleo mbele ya karakana, madereva wa malori wapo. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Umetaka kuniulia mtoto!"

Fundi akauliza, "Ntoto nzima?"

"Mzima, lakini si kwa sababu yako!"

"Upande gani ulifunguka?"

"Wa jikoni!"

Akakaa chini. 

Somoe aliponiambia hayo, kitu kilinichoma kifuani. Nilikijua, nikakikalia. Badala yake nilitoka nikasema. Nilimwambia Mama Neema, nikawaambia wanawake wa sokoni, kwamba yule mtu alifunga vitambaa vyekundu nyumbani kwetu, kwamba alimwulizia mtoto kama anapenda maji, na mtoto akazama. Yote ya kweli, kila neno. Nililoliacha ni moja tu. Madereva nao wakalibeba kwenye malori, na msimu wa korosho ulipofika maturubai yakashonwa kwingine.

Jakuzi lilimwagwa maji, likawekwa mawe, likawa la kuhifadhia kuni.

Mwaka uliopita nilikwenda Nanyamba kwa msiba. Kwenye kiwanja cha kuanikia cha binamu yangu nikaona vitambaa vinne vyekundu, vimefungwa pembe nne. Miguu ilitaka kunirudisha.

"Nani kawafanyia hivi?" nikauliza.

Binamu yangu akanishangaa. "Si yule Fundi wenu. Alivifunga kabla macho hayajafifia, na tulimwangalia mpaka tukaelewa: anasoma upepo. Pembe ambayo kitambaa kimechakaa sana, kimefumuka nyuzi, ndiko upepo unakoingilia, na huko anaweka mikanda mara mbili. Kisichochakaa, hapo hamna upepo."

"Kwa nini nyekundu?"

"Mabaki ya zile bendera za nyuma ya lori. Anazo gunia zima. Wewe ulidhani za nini?"

 Akilini niliona kile kipande cha kanga yangu, kizima, hakijapigwa na upepo hata siku mbili, kinaning'inia pembe ya jiko kikisema: hapa hamna upepo.

Niliporudi nilimwambia Somoe kila kitu. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne akasema, "Sio mimi unayetakiwa kuniambia."

Nikaenda Rahaleo. Karakana ile bado haina mlango. Fundi amekwisha, macho yamefunga ukungu, anashona mifuko ya turubai ya wauza samaki, anatafuta njia ya sindano kwa kidole gumba. Niliposalimu aliijua sauti. Alisogeza kiti chake nyuma.

"Kaa hapo hapo, Bibi. Usikaribie sana."

Nikakaa hapo hapo. Nikamwambia: kitambaa cha jikoni nilikichoma, nikafunga changu. Nilisema kwa kifupi, bila kujipamba, na nikasema pia niliyoyasema sokoni.

Akaendelea kushona. Akamaliza mfuko, akaugeuza, akauvuta mshono.

"Nilijua si changu," akasema. "Fundo halikuwa langu. Na lilikuwa na harufu ya chumvi na moshi."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Naona kitambaa changu kimeondolewa, kimewekwa cha mwingine, chekundu, kina chumvi, na bibi mwenyewe amesimama ananitazama bila kupepesa. Nikasema huyu ndiye. Huyu ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Nchawi."

Nilikuwa nimekuja na machozi, yakakatika.

"Mimi?"

"Tangu Nanyamba, Bibi! Unanifuata nyuma kila nilipokwenda, mpaka chooni. Unanishikilia chai mara mbili, mara tatu, huchoki. Mwenye chai njema hashikilii hivyo. Kwenye harusi ile nageuka, wewe. Karakana naamka usingizini, wewe umesimama unatazama darini. Ningekigusa vipi kitambaa chako?" Mkono wake ukatafuta sindano. "Pembe tatu nilizisoma. Ya nne nikaikisia. Hapo ndipo dhambi yangu. Fundi akikisia penye ntoto, ni bora aache kazi. Nilitakiwa nirudi nikakuulize, hata kama ungeniroga."

Darini kamba zilikuwa zimepungua. Moja ilikuwa peke yake, mbali na nyingine, imezungushiwa gazeti. Sikuuliza ni ya wapi.

Nikamwambia Somoe anataka kulijaza tena jakuzi, na Tatu sasa yuko shule, ana wadogo zake wawili, nao wanafuata maji. Nikamwambia tunataka kava.

"Siwezi kusoma tena. Sioni nyuzi."

"Vidole vyako vinaona."

Akafikiri. Akaingiza mkono kwenye gunia, akatoa vitambaa vinne. "Funga wewe mwenyewe. Ijumaa ya wiki ijayo niletee. Weka kila kimoja kwa pembe yake, usichanganye."

Kabla sijaondoka akamimina maji kutoka kile kidumu, kwenye kifuniko chake, akaninyooshea. Kidumu ambacho miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kupewa. Nitasema ukweli, nilisita. Niliyanusa. Halafu nikayanywa, na yalikuwa maji.

Nilivifunga mchana, jua kali, kila mtu anaona. Mama Neema akatokeza juu ya ukuta.

"He! Bibi, leo umeanza uganga?"

"Shuka uje huku nikueleze," nikamwambia. Nikamweleza kitambaa kwa kitambaa, na yale niliyomficha, mpaka tabasamu likamwisha usoni. Kesho yake nikaenda sokoni nikawaeleza wale wanawake. Wengine walisikiliza. Wengine waliendelea kupanga nyanya. Madereva sijawapata, wametawanyika, ndiyo maana naandika.

Ijumaa nilimpelekea. Nilikuwa nimevifungia kwenye vipande vya kamba, nikavikata pamoja na kamba zake ili visifunguke. Akavipokea kimoja kimoja. Cha getini akakipapasa, akakiweka. Cha nguzo. Cha tangi. Nikampa cha jikoni. Kilikuwa kimebaki nusu, nyingine ni nyuzi tupu, laini kama nywele za mtoto. Alikishika muda mrefu, akikipitisha kati ya kidole na kidole.

"Mara tatu," akasema. "Huku nkanda mara tatu."

Halafu vidole vyake vikapanda juu, penye fundo nililofunga mimi. Akalibonyeza. Akalivuta. Likafunguka lenyewe mkononi mwake.

"Fundo gani hili, Bibi?"

"Langu."

"Miaka yote hii," akasema, na bega lake likaanza kutikisika kwa kicheko, "miaka yote hii nimekuogopa bure. Nchawi gani anafunga hivi?"

Akanisogezea kiti karibu, akanipa kamba ya katani, akaanza kunionyesha.